Vidonge vya Kunenepa

Jumanne, 13 Juni 1995

Ee, nilikuwa nimefika wapi? Jana nilikatishwa na mteja wa vitumbua, na Kombo mume wangu ukimwacha na karai anaunguza mpaka maji. Nilikuwa nasema kwamba mdomo huu wangu utakuja kunifukuzisha hapa Benaco.

Maana mimi ndiye niliyesema mtoto wa Petronila ana ukimwi. Sikusema kwa ubaya. Nilisema kisimani, kidogo tu, kwa watu wanne. Petronila ni jirani yangu, mjane, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Biharamulo. Siye tulishuka kutoka Ngara mjini, wakimbizi walipojaa mwaka jana, kutafuta biashara. Kati yetu ni ua wa minyaa tu. Magdalena mwanawe ana miaka kumi na moja. Tangu Pasaka nywele zinamtoka, magoti yamevimba, na mashavuni ana wekundu uliovuka juu ya pua kama amepakwa na mtu. Vidole vyake asubuhi vinageuka vyeupe kama chaki, halafu bluu. Sasa ungesema nini wewe, katika mkoa huu wa kwetu?

Kumbe sio. Jana tumempeleka kwenye mahema ya hospitali huko kambini. Nesi pale ni mkimbizi wa Burundi, Bigirimana, mrefu, mkali, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwenyekiti wetu. Yeye ndiye anamtafsiria daktari mzungu. Akasema ugonjwa unaitwa lupasi. "Mwili wake unajigombeza wenyewe." Nikasema, kama ukoo wa Petronila! Hakucheka. Akasema unagombeza ngozi, unagombeza viungo, na huyu sasa umeingia kwenye mishipa ya damu na kwenye moyo. Moyo una ngozi yake ya nje, na pale katikati pameanza kuweka maji. Yakizidi, moyo unabanwa, unakosa nafasi ya kupiga.

Kampa kopo la vidonge, vidogo vyeupe, vya mwezi mzima. Sita kila asubuhi akishakula. Akamshika Petronila mkono. "Mama, visikatike hata siku moja. Vikikatika ghafla, maji yanarudi na mtoto anakwenda." Na asikae juani. Na siye miezi yote hii tulikuwa tunamtoa nje aote jua apate nguvu! Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa namtandikia mkeka.

Akasema pia mtu aandike kila siku, amekula vidonge, anapumuaje, miguu imevimba au la. Petronila shule hakuiona. Mimi nilifika darasa la nne, nikatoka kwa sababu ya kuongea. Basi nikapewa daftari. Lakini mie siwezi kuandika "amekula sita" nikanyamaza. Mtanisamehe.

Jumatano, 14 Juni

Amekula sita. Anapumua. Vumbi la malori leo limeingia hadi kwenye unga.

Jumapili, 18 Juni

Amekula sita. Jamani, amefumba ngumi! Tangu Aprili alikuwa hawezi hata kushika kikombe. Leo kamrushia kuku jiwe akampata. Petronila kacheka mpaka kakaa chini. Nimekwenda kisimani nikawaambia wale wanne kwamba sio ukimwi, ni lupasi. Mmoja kaniuliza, "Hiyo lupasi nayo inaambukizwa na wanaume?" Nimemgombeza mpaka ndoo yake ikamwagika. Watu wa hapa wana roho mbaya.

Jumapili, 25 Juni

Amekula sita. Uso umekuwa mduara kama chapati iliyoumuka. Anakula! Alfajiri uji, saa tatu vitumbua vyangu vitano, mchana ugali wa mtu mzima. Bigirimana alishatuambia kwamba vidonge vitamvimbisha uso na kumtia njaa, tusishangae. Lakini wengine wanashangaa. Hapa kwetu tumezoea kuona watu wanakonda hadi wanaisha. Mtu anayenenepa katikati ya kiangazi, watu wanasimama njiani kumtazama.

Josefina, yule mwenye kilabu cha pombe, kapita mara tatu leo. Mara ya tatu akauliza, "Petronila, mwenzangu, ni vidonge gani hivyo?" Huyo naye tangu mumewe afe anajitazama mikono kila saa.

Na mgeni amefika. Bulugu, kaka yake Petronila. Ameletwa kutoka Biharamulo amefungwa kwa kanga kwenye kiti cha baiskeli asianguke. Mwaka juzi alikuwa anabeba gunia la mahindi kila bega. Sasa suruali inamvaa yeye. Kaniona akasema, "Mtani wangu wa pwani, bado hujafa? Nani anakusikiliza siku hizi?" Babu yangu alikuwa mtu wa Bagamoyo, na Wasukuma ni watani zetu, basi hatuamkiani vizuri. Nikamwambia, "Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie." Tukacheka. Halafu nikaingia kwangu sikucheka tena.

Alhamisi, 29 Juni

Amekula sita, Petronila kasema.

Magoti yangu yaliniua wiki yote. Petronila kaniona napanda ule mlima mdogo wa kisimani kama kobe, akanifungia vidonge vinne kwenye karatasi. "Wewe mwandishi wangu, na mtoto ameshapona, tazama alivyonenepa. Chukua." Wallahi, asubuhi nimeamka na magoti ya msichana. Nimekwenda kambini na kurudi, na beseni kichwani, bila kupumzika. Wazungu hawa wana dawa, wametuficha siku zote.

Jumatatu, 3 Julai

Amekula. Kaniambia miguu inamuuma kidogo, nikamwambia ni kukua huko.

Nimepata vinne vingine.

Sokoni wameniuliza yule mgonjwa wa kwa Petronila ana nini. Nikasema, kwani hamna macho? Nikawaambia na kikombe chake kimetengwa. Si uongo, kimetengwa.

Ijumaa, 7 Julai

Amekula sita, kasema mama yake. Mimi vitatu. Kombo kanambia nimenenepa mashavu, nikafurahi.

Jumatatu, 10 Julai

Naandika kwa hasira, msishangae mwandiko.

Saa tatu asubuhi Magdalena hakuja kula vitumbua. Nikasubiri. Saa nne nikapita ua nikamkuta ameketi kitandani ameinama mbele, amekumbatia mto, anapumua kama mbwa aliyekimbizwa. Nikamwambia lala, mwanangu. "Nikilala nazama, mama Taufiki." Mishipa ya shingoni imesimama kama kamba. Miguu ukiibonyeza, kidole kinabaki na shimo. Na ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto zimekuwa nyeusi, kavu, kama amevichoma jikoni.

Nikauliza, "Umekula vidonge leo?"

"Jana nilipewa kimoja. Leo hakuna."

"Kimoja? Si sita?"

"Mama alikuwa ananipa viwili. Tangu mjomba aje."

Nikalichukua kopo. Jepesi. Nikalitikisa, kimya. Nikatoka nalo nje, Petronila anasonga ugali. Sikumwamkia. "Vidonge vya mwezi mzima, leo bado siku mbili mwezi uishe. Viko wapi?"

Akaendelea kusonga. "Mtoto alikuwa amepona. Uliona mwenyewe alivyonenepa."

"Viko wapi, Petronila?"

"Bulugu nimempa. Josefina alilia hapa mlangoni, nikampa. Mzee Matiasi wa kanisani, mgongo ulimshinda. Na mwingine unamjua."

Nikasema mwingine yupi. Akageuka na mwiko mkononi, ugali unadondoka. "Mwingine ndiye anayepiga kelele nyumbani kwangu na magoti mazima! Wewe ukichukua vinne ulihesabu vya mtoto? Yule mle ndani ni damu yangu. Na huyu kule uani ni damu yangu, tumenyonya ziwa moja. Nina kopo moja, Swabaha. Nimwache kaka yangu aishe namtazama, na dawa ya kunenepa iko juu ya kabati?"

Nilikuwa natafuta mtu wa kumpiga kofi, na nilikuwa nimeshiba vidonge kumi na kimoja.

Tukambeba kwenye machela, vijana wanne wa barabarani. Ameketi, maana kulala hawezi. Nimemfunika kitenge kwa ajili ya jua njia nzima, mkono wangu umekufa ganzi. Bigirimana katuona kwa mbali akaanza kukimbia. Daktari kamsikiliza moyo mara moja tu. Wakaleta sindano ndefu, sijawahi kuona sindano ya vile hata ya ng'ombe, wakamchoma hapa chini ya mfupa wa kifua. Petronila kaanguka. Mimi nimeangalia, kwa sababu nilisema moyoni, angalia, Swabaha, hayo ndiyo magoti yako. Maji yametoka rangi ya chai hafifu, nusu chupa ya soda na zaidi. Mtoto akavuta pumzi moja ndefu, mpaka nesi mwingine akasema asante Mungu kwa Kirundi chake.

Halafu Bigirimana katutoa nje ya hema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Zamani, kwetu, nilikuwa na wodi nzima," akasema. "Sasa nina kabati moja. Vidonge hivyo kabatini vimekwisha, lori lipo njiani kutoka Mwanza, labda Jumapili. Sindano ya dawa hiyo hiyo ninayo ya kumfikisha kesho jioni. Kati ya kesho na Jumapili sina kitu. Mlivigawa kwa nani?"

Mimi nikasema, "Nawajua wote. Nitavileta."

Jumanne, 11 Julai

Leo mdomo wangu umefanya kazi ya halali.

Nimeanza kwa Mzee Matiasi. "Shikamoo mzee." Marahaba. Nikamwambia vidonge vya mtoto. Kasema amevimeza vyote, Mungu shahidi. Mkewe alikuwa anachambua maharage hapo chini. Kasimama, kaingia ndani, katoka na kikopo cha ugoro, kanimwagia vidonge vitano mkononi vimeshika ugoro. Hakumtazama mumewe. Nikamwambia mzee, "Shikamoo tena," nikaondoka. Shikamoo ya pili hakuiitikia.

Kwa Josefina nimekuta wateja wamejaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Vimekwisha, mwenzangu." Kwa sauti ndogo! Kwangu mimi! Nikapanda juu ya benchi. "Josefina! Hayo mashavu uliyoota ni ya Magdalena! Mtoto amechomwa sindano ya moyo jana, maji yametoka kama bomba, na wewe umekalia dawa yake!" Mlevi mmoja akasema, "Mrudishie mtoto mashavu yake, bwana." Wakacheka wote, halafu wakaacha kucheka, wakamtazama. Kaingia ndani. Kaleta saba kwenye leso. Akanikamata mkono mlangoni, macho mekundu. "Usiwaambie kwa nini nilivitaka." Hapo ndipo nilipoishiwa hasira ya Josefina. Sikuwa nimepanga kuishiwa. Nimemwambia sitasema, na nimeandika hapa, na hapa ndipo mwisho.

Nikabaki na Bulugu. Nimezunguka ua mara mbili kabla ya kuingia. Alikuwa ameketi amepata kivuli, kanga ya dada yake mabegani.

"Mtani, leo umemtangaza nani?"

"Wewe, kama kawaida."

"Nasikia. Wanapita mbali na hapa kama nina pembe." Hakusema kwa ubaya. Lingekuwa la ubaya ningelijibu. "Lakini nakwambia, juzi nimekula ugali. Ugali na mlenda, sahani nzima, sikutapika. Hiyo dawa daktari aliyonipa, mtani, ingekuja mapema ningekuwa shambani."

"Nani kakwambia daktari kakupa wewe?"

"Dada."

Nikamwambia. Nimeongea maisha yangu yote, na hili la leo ndilo neno lililokuwa gumu kulitoa. Nikamwambia ni vya nani, na Magdalena yuko wapi, na kwamba havitibu ugonjwa wake yeye, vinatia njaa tu na kuvimbisha. Mkono ukaingia chini ya mkeka, ukatoka na kitambaa kimefungwa fundo. Kakishika. Kakishika sana, hadi nikafikiri nitalazimika kumnyang'anya mtu asiyeweza kusimama. Halafu kanirushia kifuani.

"Chukua kabla sijafikiri."

Kumi na saba. Na vya Josefina na vya Matiasi, ishirini na tisa. Siku tano kasoro kimoja. Vyangu kumi na kimoja haviko popote, nimetembea navyo kisimani.

Petronila kanikuta natoka uani na kile kitambaa. Kakitambua. "Umemnyang'anya kaka yangu." Nikasema ni vya Magdalena. "Najua ni vya nani! Ulikuwa na kazi ya kumwambia? Alikuwa anakula, Swabaha. Alikuwa anakula!" Akanitemea mate miguuni. Nimekwenda kambini kwa miguu, magoti yameanza kuuma tena, na yaume.

Jumatano, 12 Julai

Amekula sita, kwa macho yangu, nimemwambia afungue mdomo nione. Bigirimana kauliza kwa nini havijatimia. Nikamwambia kumi na kimoja nimekula mimi. Kanitazama akasema, "Wewe ndiye wa daftari?" Ndiye. "Basi andika na hilo." Nimeandika.

Jumapili, 16 Julai

Lori halikuja. Leo amekula vitano vya mwisho na kimoja kati ya vitano tulivyoazima kwa mkimbizi mmoja wa hema la pili anayetumia hivyo hivyo kwa pumu. Mtu aliyekimbia na sufuria moja katupa vidonge vitano, na Mzee Matiasi na ng'ombe zake kameza vinane kati ya alivyopewa, karudisha vitano tu. Sitaki kuambiwa habari ya nani mwema hapa wilayani.

Jumatatu, 17 Julai

Lori limekuja.

Jumatano, 26 Julai

Magdalena karudi nyumbani. Kopo sasa linakaa kwangu, amri ya Bigirimana, na kila asubuhi mtoto anapita kwenye ua, anakula kitumbua, anameza mbele yangu. Ncha ya kidole kimoja imekauka na kudondoka. Aliiokota akanionyesha kama jino. "Haiumi," kasema. Mimi nikaenda kulia nyuma ya nyumba.

Petronila haongei nami. Akimtuma mtoto anasema, "Nenda kwa yule."

Jumanne, 8 Agosti

Amekula sita. Josefina kaja mara mbili kuniuliza magoti. Anataka kuzungumza kitu kingine, simlazimishi.

Jumatatu, 21 Agosti

Kliniki. Moyo uko vizuri, maji hayapo, wataanza kupunguza, vitano sasa. Nikauliza atakula mpaka lini. Bigirimana kasema miaka. Nikauliza, na nyie mkirudi kwenu? Maana kila siku tunasikia wakimbizi watarudishwa, na hospitali hii ililetwa kwa ajili yao. Mahema yakikunjwa, dawa ya Magdalena inakunjwa humo humo? Nikasema kwa sauti, hema zima likasikia, kwamba mtoto wa Kitanzania anaishi kwa sababu watu wengine walikimbia vita, na vita vikiisha afe? Daktari mzungu akauliza huyu mama anasema nini. Bigirimana kamtafsiria yote. Alichukua muda. Daktari kaandika tu kwenye karatasi yake, na kanipa makopo mawili badala ya moja.

Nikauliza na la pili. Dawa ya Bulugu je? Kasema hiyo hawana. Hata wazungu kwao ya kuponya hawana. Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 26 Agosti

Sokoni wamesema tena habari ya kikombe cha Bulugu. Nikachukua kikombe changu cha chai, nikawaambia kimetoka kwa Bulugu asubuhi hii, nani anataka? Halafu nikanywa chote. Mauzo ya leo mabaya.

Tangu wiki iliyopita nampelekea uji. Petronila ananiona naingia, anatoka. Sawa. Namkuta mtani, natukanwa, narudi.

Jumamosi, 9 Septemba

Amekula vitano. Mawingu yamefunga upande wa Rwanda, labda mvua ya kwanza.

Bulugu tangu juzi anameza maji tu. Leo asubuhi sauti imekuwa ndogo, nimeinamisha sikio. Kasema, "Siku yangu, mtani, wewe ndiye utakayesema. Usinisifu. Ukinisifu naamka." Watani ndio wanaoruhusiwa kutania msibani, na yeye hapa hana mtani mwingine. Nikamwambia nitasema alikuwa mvivu, mlafi na mwizi wa mihogo. Kasema, "Ongeza mwoga." Nikasema mwoga sitasema, hilo ni uongo, na mimi siku hizi naacha uongo. Kacheka, kikohozi kikamshika, Magdalena kamshika kifua kwa ule mkono wenye kidole kifupi. Mtoto anamwita kila baada ya muda, "Mjomba? Mjomba?", na yeye anaitika kwa kidole.

Nimerudi kugeuza vitumbua na nimekaa hapa nina hasira, sijui nimpe nani. Nilikuwa nazipanga zile dhihaka zangu, la kwanza mihogo, la pili lile la baiskeli, la tatu nitasema kwamba mtu huyu mlimwogopa kikombe na ndiye aliyerudisha vidonge vingi kuliko

Petronila anaita. Ananiita kwa jina. "Swabaha! Swabaha we, acha vyote, njoo umshike mtani wako